Alhamisi ya Mwaka Gani

Kulikuwa na nchi, na kwa taarifa rasmi bado ipo, iliyoitwa Jamhuri ya Tutafika. Wananchi wake walikuwa wapole, wenye subira na wenye Dira. Dira ya kwanza ilisema nchi itafika ifikapo mwaka fulani. Mwaka ule ulifika kwa wakati, nchi ndiyo iliyochelewa. Serikali haikumkasirikia mtu. Iliandika Dira ya pili yenye mwaka wa mbele zaidi na picha za rangi, kisha ya tatu yenye jalada gumu lisilopitisha maji, ambalo liliwafaa sana watu wasio na mwavuli. Sasa ilikuwa zamu ya Dira ya Mwaka 2090, na safari hii hapakuwa na utani, maana ndani yake mlikuwa na akili mnemba.

Lakini kabla ya akili mnemba tumseme kidogo Mwasiti.

Mwasiti Ngalama alikuwa Kaimu Msaidizi wa Afisa Itifaki katika Wizara ya Dira na Mambo Yajayo. Ukaimu wake ulikuwa wa muda mfupi, na muda mfupi wenyewe ulianza akiwa ndiyo kwanza katoka chuoni, bado anaamka mapema na kuamini matangazo. Mama yake kule nyumbani alidhani kaimu ni cheo kizito, kitu cha katikati ya mkuu wa wilaya na sultani, akawa anawaringia majirani, "Mwanangu hakuanzia chini. Kaanzia ukaimu." Aliyejua maana yake ni shangazi wa mchumba wa Mwasiti.

"Kaimu hana nyumba ya serikali, hana pensheni, hata kiti anachokalia ni cha mwenyewe aliyesafiri," alisema shangazi huku akimenya ndizi. "Athibitishwe kazini kwanza, ndipo twende kwao kuposa. Sisi hatuozeshi kijana wetu kwa mtu wa kushikilia nafasi."

Mchumba mwenyewe alikuwepo. Alizitazama zile ndizi kwa makini sana.

Basi Mwasiti akawa na haja moja tu duniani: kuthibitishwa kazini. Kazi yenyewe ilikuwa kuwakilisha. Katika Tutafika mgeni rasmi hafiki. Akifika, watu humwona wa rahisi. Mtukufu Rais akialikwa humtuma Waziri, Waziri humtuma Naibu, Naibu humtuma Katibu Mkuu, Katibu Mkuu humtuma Mkurugenzi, na Mkurugenzi, kwa kuwa amebanwa na majukumu mengine ya kitaifa, humtuma aliye karibu na mlango. Meza ya Mwasiti ilikuwa karibu na mlango.

Alishafungua kwa niaba mikutano ya wafuga nyuki, ya madaktari wa meno na ya mabingwa wa bao. Msibani aliagizwa alie kilio cha ngazi ya naibu waziri, yaani machozi bila sauti. Harusini alicheza kwa niaba ya Katibu Mkuu, kwa hiyo alicheza vibaya, kwa uaminifu kabisa. Na sheria ya Tutafika iko wazi: mwakilishi akishika kipaza sauti, yeye ndiye yule aliyemtuma, na neno lake ni neno la yule.

Kitu kimoja tu hakikutumwa hovyo, nacho ni mkasi. Kusoma hotuba atatumwa yeyote mwenye koo, lakini kukata utepe ni kuanzia waziri kwenda juu. Na kwa kuwa kuanzia waziri kwenda juu hakuna anayefika, Tutafika ilijaa vitu vizima, vipya, vilivyofungwa utepe. Madaraja yalikuwa na utepe, watu wakiogelea chini yake. Visima vilikuwa na utepe, ng'ombe wakiviangalia kwa mbali. Utepe ukipauka kwa jua, serikali, ambayo si katili, ilileta mwingine.

* * *

Akili mnemba ilipovuma duniani, Mheshimiwa Athumani Kirumbizi, Waziri wa Dira na Mambo Yajayo, alitangaza kwamba Tutafika haitabaki nyuma tena, kwa sababu nyuma kumejaa. Mtambo ukanunuliwa. Ukawekwa katika chumba chenye kiyoyozi kizima pekee wizarani, na tangu siku hiyo vikao vyote vikahamia humo ili kuulinda. Chuo Kikuu cha Taifa kiliutunuku shahada ya heshima kabla haujachomekwa, maana siku ile umeme haukuwepo. Kuanzia hapo ukaitwa Dokta Mnemba.

Mafundi wakauliza: ufundishwe nini? Kwa wenzetu, walisema, mitambo kama hii hulishwa maarifa. Wizara ikapekua makabati yake, ikakuta kuwa ilicho nacho tele ni hotuba, mihtasari ya vikao na taarifa za safari. Dokta Mnemba akazisoma zote kwa asubuhi moja, kisha akanyamaza kimya. Mafundi wakadhani ameharibika. Kumbe ameelimika.

"Waheshimiwa," Kirumbizi aliliambia Bunge, mkono mmoja kiunoni na mwingine ukielekea mwaka 2090, "mtambo huu hauchoki, hauugui, hauna shemeji wa kumtafutia kazi. Kuanzia leo, kila kiongozi atawakilishwa na Dokta Mnemba katika shughuli zote, zikiwemo za mkasi, ili sisi tupate nafasi ya kufikiri. Uzinduzi wa Dira utafanyika Mbugwani, na sote tutakuwepo kwa njia ya kutokuwepo."

Mbunge mmoja wa viti vya nyuma akauliza mtambo utashika mkasi kwa mikono gani.

"Mikono, Mheshimiwa, imo katika awamu ya pili."

Makofi yalipigwa mpaka Spika akaamka.

Siku ya pili Katibu Mkuu, Bwana Festo Nyamulimi, akamwita Mwasiti ofisini. Alikuwa mtu wa tumbo la heshima na sauti ya taratibu, kama mtu anayesoma dua ya kuombea gari.

"Shikamoo, Katibu Mkuu."

"Marahaba. Mwasiti binti yangu, umeitumikia nchi."

Mwasiti akajua mambo yameharibika. Tutafika nzima, anayeambiwa ameitumikia nchi huwa anaambiwa akiwa amesimama karibu na mlango wa kutokea.

"Kuwakilisha sasa ni kazi ya mtambo," Nyamulimi aliendelea. "Utaupeleka Mbugwani, utauchomeka, utauchomoa. Baada ya hapo nafasi zote za ukaimu wa itifaki zinafutwa."

"Na suala langu la kuthibitishwa?"

"Lipo kwenye mchakato."

"Bosi, si umesema nafasi inafutwa?"

"Nafasi inafutwa. Mchakato unaendelea. Usichanganye mambo."

* * *

Mbugwani ilikuwa mji mdogo wenye vumbi jekundu, mnada wa mbuzi na zahanati nzuri ajabu. Ilipakwa rangi ya samawati, ina vitanda, ina dawa, ina hata muuguzi wake. Muuguzi alikaa nje kwenye benchi, kwa sababu mlangoni kulikuwa na utepe na kufuli, na ufunguo ulikuwa makao makuu ukimsubiri mgeni rasmi. Akina mama walijifungulia barazani. Baraza, kwa mujibu wa mkandarasi, haikuwa ndani ya utepe.

Asubuhi ya uzinduzi, Jumatatu, jukwaa lilikuwa limependeza. Viti vyekundu vilipangwa kwa cheo, kila kimoja kikiwa na karatasi ya jina la mheshimiwa ambaye hatakuja. Katikati palikuwa na kisimbuzi, runinga kubwa na waya mrefu, ambamo Dokta Mnemba angetokea kutoka makao makuu akiwakilisha kila kiti. Wananchi walishakaa juani tangu alfajiri. Mwasiti akachomeka waya. Runinga ikawaka buluu, ikafikiri, kisha ikaandika:

"Ndugu Mwasiti. Nilitamani sana kuwa nanyi, lakini nimebanwa na majukumu mengine ya kitaifa. Tafadhali niwakilishe katika shughuli zote. Nawatakia uzinduzi mwema."

Mwasiti alisoma, akachomoa, akachomeka. Dokta Mnemba akaongeza: "Niko kikaoni."

Akampigia simu Katibu Mkuu.

"Haiwezekani," alisema Nyamulimi. "Mtambo umebanwa na nini? Uko chumbani peke yake."

"Unasema uko kikaoni, bosi."

"Na nani?"

"Na wenyewe. Unasema ni kikao cha ndani."

Kwa nyuma jogoo akawika, na sauti ya mwanamke ikauliza, "Baba Agripina, supu nikuongeze?"

"Na mimi niko kikaoni," alisema Nyamulimi. "Sikiliza. Kama umekutuma, umekutuma. Soma hotuba, usiongeze nukta, urudi ukabidhi ofisi."

Simu ikakatika. Mwasiti akabaki na kipaza sauti mkononi, na wazo likamjia taratibu, kama mtu anayepanda ngazi huku anahema. Rais amemtuma Dokta Mnemba. Mawaziri wote wamemtuma Dokta Mnemba. Katibu Mkuu, wakurugenzi, mpaka Mkuu wa Majeshi. Dokta Mnemba amemtuma yeye, katika shughuli zote.

Akatazama nyuma, akaviona vile viti. Serikali nzima ilikuwa imevaa viatu vyake, na kimoja kilikuwa kinambana.

* * *

Alianza vizuri, kwa nidhamu. "Kwa niaba ya Dokta Mnemba, ambaye yupo hapa kwa niaba ya Mtukufu Rais, na kwa niaba ya..." Msururu wa kwa niaba ulikuwa mrefu mpaka mbuzi wawili wa mnada wakauzwa katikati yake. Hatimaye akaifikia Dira.

"Ifikapo mwaka 2090," alisoma, "kila mwananchi wa Mbugwani atakuwa na daktari mnemba kiganjani, atakayempima, kumtibu na kumliwaza bila yeye kutoka kitandani."

Mstari wa mbele akainuka mama mmoja mnene, kitenge kimefungwa kwa hasira. Aliitwa Bi Anzuruni, muuza mihogo ya kukaanga, mtu ambaye hata polisi walinunua kwake kwa adabu.

"Samahani, mwanangu. Huyo wa kiganjani aje tu, hatumkatai. Lakini mkwe wangu ana mimba ya kesho kutwa. Zahanati ile pale, muuguzi yule pale kwenye benchi. Utepe unakatwa lini?"

"Tulia, mama, hotuba inaendelea," alisema mgambo.

"Na mimba inaendelea."

Watu wakacheka. Mwasiti akatafuta kwenye hotuba. Majibu yalikuwepo, yamewekewa hata alama za mahali pa kupigiwa makofi: suala lipo kwenye mchakato, serikali ni sikivu, wadau watashirikishwa. Akafungua mdomo ayasome. Mdomo ukakataa.

"Alhamisi," alisema.

Katika historia ya Tutafika, mpango wa serikali haukuwahi kutaja siku ya wiki. Wazee walitazamana. Mwandishi wa redio ya taifa alikitikisa chombo chake, akidhani kimeingiza sauti ya kituo kingine.

"Alhamisi ya mwaka gani?" akauliza Bi Anzuruni kwa upole, kama mtu anayemsaidia mgonjwa kukumbuka jina lake.

"Hii hii. Inayokuja baada ya Jumatano."

"Unasema wewe, au anasema nani?"

Mwasiti akavuta pumzi. "Anasema Rais. Na Waziri. Na Katibu Mkuu, na hao wote mnaoona viti vyao. Leo wote mimi."

Hapo ndipo lilipozuka jambo ambalo polisi baadaye walilieleza kuwa ni furaha isiyo na kibali. Mtu akapiga kelele kuwa kisima cha sokoni nacho kina utepe. "Kisima hakina kufuli," alisema Mwasiti. "Mkasi uko wapi?" Ukaletwa ule wa heshima, wa dhahabu ya kupakwa, juu ya sinia lenye kitambaa. Akashuka jukwaani nao, mgambo akimkimbilia na sinia, umati ukimkimbilia mgambo. Akakata utepe wa kisima, maji yakatoka, ng'ombe wakawa wa kwanza kuamini. Akakata wa daraja, na mwanamume mmoja aliyekuwa akiogelea kwenda kazini akatoka mtoni, akapanda darajani na nguo zinachuruzika, akasimama katikati akiona haya. Akakata wa choo cha shule. Hapo hakukuwa na hotuba, wanafunzi walimpita mbio.

"Mimi nataka mke," kijana mmoja alipaza sauti.

"Hilo ni la wizara nyingine."

"Si umesema leo wizara zote ni wewe?"

"Ndiyo. Na zote tumekukataa."

Walicheka mpaka waliokuwa wamepanda kuta wakashuka bila kupenda. Jua lilipoelekea kuzama, hakuna utepe uliobaki Mbugwani isipokuwa wa zahanati, ule wenye kufuli. Mwasiti akapanda gari la wizara, vumbi kichwani, mkasi mapajani, na tabasamu ambalo dereva alikiri halijawahi kupanda gari lile.

Walikuwa wamekwenda mbali kabla hajajipiga paji la uso.

"Vipi?" akauliza dereva.

"Nilikuwa Katibu Mkuu mchana mzima. Nimefungulia watu mpaka choo. Mimi mwenyewe nimesahau kujithibitisha kazini."

"Turudi?"

"Kipaza sauti nimeshakizima."

* * *

Redio ya taifa ilitangaza usiku huohuo kwa sauti ya kawaida: Mtukufu Rais, akiwa Mbugwani, ameagiza zahanati ifunguliwe Alhamisi. Serikali ikatetemeka. Waziri Kirumbizi hakujua kama kweli Rais alikwenda, na hakuweza kuuliza, kwa sababu angeulizwa, "Kwani wewe hukuwepo?" Katibu Mkuu hakuweza kumwuliza Waziri, kwa sababu hiyohiyo. Rais, inasemekana, alijisikia redioni, akajitazama kwenye kioo, akaamua kutobishana.

Jumatano Nyamulimi akamsimamisha Mwasiti kwenye ukumbi.

"Mwasiti. Juzi, pale Mbugwani... mimi mwenyewe nilisemaje?"

"Ulisema Alhamisi, bosi."

"Nilikuwa na uhakika?"

"Ulikuwa mkali."

Nyamulimi akatikisa kichwa kwa kujistaajabia, akaenda mwenyewe kutafuta ufunguo. Ulikuwa kwenye kabati la vikombe vya chai.

Alhamisi wakaja wote. Kila mmoja alihofia mwenzake yupo, basi hakuna aliyethubutu kumtuma mtu. Kirumbizi alikuja, na Naibu wake, na Nyamulimi na wakurugenzi, msafara mrefu mpaka vumbi la gari la mwisho lilifika kabla ya gari lenyewe. Na kwa kuwa hawakuwahi kuhudhuria kitu, hawakujua pa kukaa wala wakati wa kupiga makofi. Naibu Waziri alipiga makofi mgambo alipopiga chafya. Dokta Mnemba alituma salamu kwamba Alhamisi hiyo ni ushahidi kuwa Dira ya 2090 inakwenda mbio kupita kiasi, akashauri iundwe kamati ya kuipunguza mwendo.

Mlangoni pa zahanati, kufuli likiwa limeshafunguliwa, Kirumbizi, Naibu na Nyamulimi waliushika mkasi mmoja, kila mtu kwa kidole chake, wakaanza kutafuta kamera. Kamera ilikuwa bado haijawashwa umati ulipopasuka katikati, na Bi Anzuruni akatokea amemshika mkwewe kiunoni.

"Tupisheni, waheshimiwa. Hapa hamna wa kuwakilishwa."

Hakusimama. Mkwe akapita na tumbo lake, utepe ukavutika, ukavutika tena, ukakatika wenyewe. Muuguzi akaruka kutoka kwenye benchi lake, akawafuata ndani na kufunga mlango. Waheshimiwa watatu wakabaki na mkasi hewani.

Walisubiri. Wakubwa wa nchi walikaa barazani sakafuni, mgongo ukutani, suti zikila chokaa. Ndipo kichanga kikalia ndani, kilio cha ngazi isiyojulikana, chenye sauti zote, na Mbugwani nzima ikajibu kwa vigelegele. Kirumbizi, ambaye hakuwahi kupigiwa vigelegele akiwepo, macho yakamlowa. Akamsogelea Mwasiti aliyesimama karibu na nguzo na mkoba wake, tayari kwa kukabidhi ofisi.

"Wewe ndiye uliyekuwa hapa Jumatatu?" alinong'ona.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Nilikuwa wewe."

"Nilisema vizuri?"

"Walishuka ukutani kwa kucheka."

Waziri akatabasamu. Akajiweka sawa tai. Akatazama huku na huku, akasogea karibu zaidi.

"Na kuhusu wewe, binti yangu. Nilisema chochote?"

Mwasiti akawaza mama yake. Akawaza shangazi na ndizi zake. Akamwona Nyamulimi pembeni ametega sikio, naye akielekea kabisa kukubali lolote atakaloambiwa alilisema.

"Ulisema nithibitishwe kazini, Mheshimiwa."

"Nilisema hivyo?"

"Mara mbili. Mara ya pili uligonga meza."

Mheshimiwa Kirumbizi akavimba kifua, akamgeukia Katibu Mkuu. "Nyamulimi, si ulinisikia nikigonga?"

"Nilishtuka hata mimi, Mheshimiwa," alisema Nyamulimi, na papo hapo akaanza kujipapasa mifukoni akitafuta kalamu.